Aliyemgonga Elias

Mwaka ule kila kitu kilipanda bei Mbinga isipokuwa ushauri. Tangu pikapu ya kina Benno imgonge mtu kule Lipingo, kando ya Ziwa Nyasa, ushauri ulimwagwa bure mlangoni kwa Valeria, mkewe Benno, asubuhi na jioni, na wengi wa walioleta hawakuwahi kumiliki hata baiskeli. Mmoja alisema trafiki aonwe mapema kabla jalada halijakomaa. Mwingine alisema Benno ajilaze kitandani aseme presha imempanda. Mwalimu Festo, aliyehamishiwa kijijini hapo Mkumbi kutoka Singida na ambaye sheria zote za dunia alizisoma kwenye simu, alisema kwamba suala hili ni jepesi sana, kisha akaongea mpaka chupa ya chai ikakauka. Valeria aliwasikiliza wote kwa sababu hakulelewa kufukuza wageni, lakini alikuwa amechoka, na kuchoka kwenyewe kulikuwa kumeshaanza kugeuka hasira.

Ndiyo maana Benno alipotoka kwa dhamana, Valeria hakumpa hata nafasi ya kulala. Alimshika mkono wakapanda gari hadi mjini, moja kwa moja kwenye ofisi ya wakala aliyewauzia bima. Pikapu ilinunuliwa kwa mavuno ya kahawa ya Valeria, na bima ilikuwa kwa jina la Valeria. Benno kazi yake ilikuwa kuendesha: maharage na mahindi yakishuka ziwani, usipa mkavu, dagaa wa ziwa, ukipanda milimani.

Wakala huyo, Sekela, alikuwa dada wa Tukuyu, mwepesi wa maneno na kucha zake zimepakwa rangi vizuri. Aliwakaribisha vitini na kuanza kuuliza kabla hawajakaa sawasawa.

"Nani alikuwa anaendesha?"

"Mimi," Benno alisema.

"Leseni?"

"Ipo hai."

"Pombe?"

"Kwaresima hii, dada?" Valeria aliingilia. "Huyu Kwaresima hata togwa haonji. Trafiki walimpulizisha kile kifaa chao mara mbili, maana mara ya kwanza hawakuamini."

"Safi. Sasa nisikilizeni vizuri. Bima yenu ni ile ndogo. Gari lenu mtalitengeneza wenyewe. Lakini matibabu ya huyo mliyemgonga, pamoja na fidia yake, kampuni inabeba. Ila kuna masharti. Msikiri kosa. Msiahidi kitu. Msilipe kitu. Kaeni kimya mpaka kampuni itume mpelelezi wake."

"Hata pole tusimpe?"

"Pole mpeni. Pole hata anayejikwaa njiani anapewa. Lakini 'nisamehe' isitoke kinywani. Ukisema nisamehe umekiri, na ukikiri bila kampuni kujua, kampuni inaweza kunawa mikono. Mzigo wote unarudi kwenu."

Valeria aliujua mzigo huo. Elias, yule kijana aliyegongwa, alikuwa amewekewa vyuma mguuni, na alikuwa seremala, kazi ya kusimama. Ingebidi atibiwe na alishwe yeye na waliomtegemea, pengine hadi mwaka upinduke. Na cha kuuza hawakuwa nacho ila kahawa ya Mkumbi. Miche ile Valeria aliibeba mwenyewe kichwani, mtoto wa mwisho akiwa tumboni, akaipanda kwenye mteremko ambao ukoo wa mumewe walisema haufai hata kwa magimbi. Sasa ilikuwa imezaa mpaka matawi yanainama, punje bado za kijani, na tayari jirani mmoja alishamsimamisha baada ya misa na kumwambia kwa upole wa fisi, "Mkifika mahali pa kuuza, mama, mtuambie sisi kwanza."

Benno, mtu ambaye maneno yake ya wiki nzima yangeenea kwenye kiberiti, alikohoa. "Ila dada, siku ile mle kwenye gari—"

"Baba," Sekela alimkata, "maelezo yako uliyatoa polisi?"

"Niliyatoa. Nilisema kulikuwa na utelezi."

"Basi yanatosha. Hata hapa kwangu usiongeze neno ambalo sijakuuliza."

"Umesikia?" Valeria alimwambia mumewe. "Usiongeze neno."

Benno akafunga kinywa, na kwa kufunga kinywa hakuwa na mpinzani.

.

Ukoo wa Benno ulikuwa bado unakula sengu. Palipokuwa na jambo, kila nyumba ilibeba chungu chake na kwenda kwa mkubwa wao kula pamoja, na wakishanawa ndipo jambo lenyewe liliwekwa katikati. Mkubwa wao siku hizi alikuwa Mzee Egidi, kaka wa marehemu baba yake Benno. Siku ya ajali alikuwamo ndani ya pikapu ileile, akirudi kutoka kumjulia hali shemeji yake huko ziwani, na alitoka na nundu kwenye paji la uso tu. Nundu ilikuwa imeshapoa, lakini mzee mwenyewe hakuwa amepoa. Chakula hakukigusa.

"Shikamoo, baba," Valeria alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mjini wamesemaje?"

Valeria akaeleza yote, pole pole, kama anayewafundisha watoto wa kipaimara. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo bima ni ukoo gani?"

"Si ukoo, baba. Ni kampuni."

"Mtoto wa watu amevunjika mguu. Hiyo kampuni imekwenda kumwona?"

"Itatuma mpelelezi."

"Mpelelezi." Egidi alilitafuna neno hilo kama mtu aliyekutana na mchanga kwenye mboga. "Kwetu sisi aliyekosa anachukua unga, anachukua mbuzi, anakwenda kwa wenyewe na watu wake. Anapiga magoti, anasema nimekosa. Kosa lisiposemwa linaota mizizi."

"Likisemwa, baba, kahawa yangu imekwenda."

"Kahawa yako?" Hiyo ilikuwa sauti ya shangazi Kunigunda kutoka upande wa wanawake. "Ulikuja nayo kutoka kwenu Mbuji?"

Wanawake wakacheka chini chini. Valeria aliumeza ule mwiba, maana alikuwa ameshameza mingine ya namna hiyo, na akaomba jambo moja tu: wasubiri. Asiende mtu Lipingo mpaka wakala aseme. Bima ikishalipa, hata ng'ombe watapeleka.

Mzee Egidi aliitazama fimbo yake kwa muda. "Sawa," alisema. "Tumesikia."

Valeria alirudi nyumbani moyo umetulia kidogo. Kama angezaliwa ndani ya ukoo ule, angejua kwamba wakisema wamesikia, wamesikia tu, na hapo hakuna aliyekubali kitu. Jioni, alipomwona kijana wa Kunigunda akimkokota mbuzi kutoka malishoni kabla ya wakati wake, ndipo akili ilipomrudia. Hakuwa na ubavu wa kuuzuia ukoo mzima, lakini mumewe alikuwa wake. Benno alikuwa na jozi moja ya viatu vya kutokea, na hakuna Mmatengo mwenye haya anayekwenda kuomba radhi kwa watu amevaa malapa. Valeria akavichukua vile viatu, akapanda juu ya kihenge, akavizika ndani ya mahindi.

Kulipokucha gari la kukodi lilipiga honi njiani, limejaa wazee na wanawake, unga, maharage, na yule mbuzi akilia kama aliyeambiwa safari inaishia wapi. Benno alikuwa ameketi kizingitini peku.

"Mama Shukrani, viatu vyangu umeviona?" alimwuliza mkewe.

"Nitavionaje? Mimi ndiye nivaaye?"

Mzee Egidi alishuka kwenye gari. "Benno, twende."

"Sina viatu, baba."

Mzee akaitazama miguu ya Benno, akamtazama Valeria, naye Valeria akageuka kumfukuza kuku ambaye hakuwapo. Egidi alipanda gari, wakaondoka.

.

Walirudi kabla jua halijaanguka, wameshiba na wana furaha, na kila nyumba ikapata fungu lake la usipa waliopewa na wenyeji. Mzee Egidi alikuja mwenyewe kuleta fungu la Valeria.

"Wametupokea," alisema, akikaa kwenye kigoda. Uso wake ulikuwa umefunguka kwa mara ya kwanza tangu ajali. "Yule mama yake kijana, Serafina, ni mtu wa watu. Alilia, tukalia naye. Kisha akatupikia."

Valeria, pamoja na hasira zake zote, aliona aibu kidogo. Labda hakuna kilichoharibika. Benno hakuwepo, Benno hakukiri kitu. Akauliza kwa kujihakikishia tu, "Na maneno ya kuomba radhi alisema nani, baba?"

"Nani tena? Mwenye kosa asipokuwepo, mkubwa analichukua. Analibeba kama lake."

"Ulisemaje?"

Mzee Egidi alisimama, akavua kofia, akarudia kama alivyosema mbele ya watu wa Lipingo, sauti ileile. "Nilisema: Mimi Egidi ndiye niliyemgonga mtoto wenu. Sina la kujitetea. Mkono wangu huu ndio uliolipeleka gari kwake. Nimekosa."

Valeria alilitafuta benchi kwa mkono, akakaa.

"Baba," alisema. "Wewe baiskeli tu hujui kuendesha."

"Sikusema habari za baiskeli," alijibu mzee, akavaa kofia yake, akaenda zake.

.

Mpelelezi aliitwa Allen, kijana wa Dar es Salaam aliyetumwa na kampuni, viatu vyake vyeupe vimeshaharibiwa na tope la Nyasa, na jambo hilo halikumsaidia kuwapenda watu. Alikuwa amefika Lipingo siku chache baada ya ukoo. Sasa alikuwa ofisini kwa Sekela, simu yake mezani, na Valeria na Benno wameketi mbele yake kama wanafunzi waliochelewa.

"Nimeongea na mama wa majeruhi," alisema. "Nimeongea na majirani. Nimeongea na mwenyekiti wa kitongoji. Wote wana jibu moja: dereva alikuwa mzee mmoja wa Mkumbi, alikuja mwenyewe, akasema mwenyewe, tena kwa magoti. Mmoja alimrekodi."

Aliibonyeza simu. Sauti ya Egidi ikajaa ofisini, mbuzi akimwitikia kwa nyuma. Mkono wangu huu ndio uliolipeleka gari kwake.

"Ni mila," Valeria alisema. "Mkubwa anabeba kosa la mdogo. Ni maneno ya heshima tu."

"Mama, mimi maneno ya heshima siwezi kuyaandika kwenye ripoti. Mzee ana leseni?"

"Mzee ana miaka themanini!"

"Kwa hiyo hana. Na alikuwemo ndani ya gari, hilo hata polisi wameliandika. Majeruhi hakumwona dereva, alikuwa anakokota baiskeli amewapa mgongo. Wengine walifika wakati huyu bwana ameshamchukua majeruhi na kumkimbiza kituo cha afya. Sasa mimi najiuliza: kabla watu hawajafika, hamkubadilishana viti?"

Benno alitikisa kichwa. Valeria alimtazama akingoja aseme kitu, aseme chochote, na Benno akamtazama Sekela, kisha akatazama sakafu.

"Polisi walimpima," Valeria alisema. "Hakuwa na pombe hata chembe."

"Hapo ndipo paliponitia shaka zaidi," alisema Allen. "Dereva wa mizigo, Ijumaa jioni, hana hata harufu ya komoni? Mlichagua asiyekunywa mkamkalisha kwenye usukani."

"Ni Kwaresima!"

"Wote wanasema ni Kwaresima."

Kwa miaka yote ya ndoa yao Valeria alikuwa akimwomba Mungu amwondolee Benno komoni. Sasa Mungu amejibu, na jibu lenyewe limegeuka ushahidi dhidi yao. Kama kuna mtu angemwonyesha mahali pa kupeleka malalamiko, angekwenda siku hiyohiyo.

Sekela aliwasindikiza hadi nje. Sura yake ilikuwa imesawijika, maana sifa yake pia ilikuwa kwenye mizani. "Dada Valeria, mzee aje aseme kwamba alidanganya. Hakuna njia nyingine. Dereva asiye na leseni, kampuni itakataa mchana kweupe, na wakiona udanganyifu wanaweza kuwapeleka hadi mahakamani."

.

"Sikudanganya," alisema Mzee Egidi.

"Baba, nakuomba. Neno moja tu. Useme ilikuwa mila."

"Haikuwa mila."

"Baba! Hata kuliwasha gari hujui! Hujui hata ufunguo unaingia wapi!"

"Sikudanganya, Valeria. Unataka nirudi kwa yule mama nimwambie machozi yangu yalikuwa ya mchezo? Huo mguu nitakuwa nimeuvunja mara ya pili."

Valeria alikwenda kwake tena siku ya pili na ya tatu. Alimpelekea chai, alimpelekea Paroko, alimpelekea hata Mwalimu Festo, ambaye alirudi akisema kisheria mzee yuko kwenye hali ngumu sana. Hakuna kilichobadilika. Valeria hakuwahi kuona kichwa kigumu namna ile, na alikuwa ameolewa na kichwa kigumu.

Jumapili, akirudi kutoka kanisani, alimkuta yule jirani katikati ya kahawa yake. Alikuwa ameshika tawi, anahesabu punje kwa kidole gumba, na hata alipomwona hakuona haya, hakuliachia.

"Napita tu, mama," alisema. "Naona hii ya chini ina ugonjwa kidogo wa majani. Itapunguza bei, unajua."

Valeria alimwambia njia ya kupita iko kule juu. Jirani alipoondoka, Valeria alisimama pale pale, akalishika tawi lile lile, akalia kwa hasira, kilio kisicho na faida yoyote, mpaka kitenge kikalowa kifuani.

.

Ilikuwa akili ya Sekela kwamba warudi wote Lipingo, pale pale ilipotokea ajali. Polisi walikuwa wameshalikagua gari na kuwarudishia. Allen alikubali kwa shingo upande. Mzee Egidi, kwa mshangao wa Valeria, alikubali mara moja, akapanda mbele kushoto, mahali pake pa siku zote. Valeria na Sekela walikaa nyuma kwenye magunia, Sekela na kucha zake za rangi, wakatikiswa hadi ziwani. Benno alikuwa amevaa viatu. Valeria alimtolea mwenyewe asubuhi ile, akasema amevikuta. Punje moja ya hindi ilikuwa bado ndani, Benno akaitoa, akaitazama, hakuuliza.

Nyumba ya kina Elias ilikuwa karibu na kona yenyewe. Kijana alikuwa ameketi barazani, mguu juu ya stuli, vyuma vinaonekana. Mama yake, Serafina, mwembamba na amesimama wima, alimsalimu Egidi kwa mikono miwili. Benno na Valeria aliwaitikia tu. Majirani walikuwa wameshajaa, maana Lipingo hakuna cha bure kinachopita bila kutazamwa.

Allen hakutaka maneno mengi. "Mzee, shikamoo."

"Marahaba."

"Ulisema wewe ndiye uliyemgonga Elias."

"Nilisema. Na sasa nasema."

"Basi ufunguo huu. Ingia kwenye gari, ukae kama ulivyokaa siku ile, utuonyeshe."

Mzee Egidi aliupokea ufunguo kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea kitu kwa mgeni. Aliuangalia. Kisha alizunguka pikapu kwa mbele, akafungua mlango wa kushoto, akapanda kwa taabu, akaisimamisha fimbo katikati ya magoti na kufunga mlango. Akakaa hivyo, ufunguo kiganjani, macho mbele.

Kicheko kikaanzia kwa watoto kikasambaa hadi kwa mwenyekiti wa kitongoji. Sekela alishika kifua kwa ahueni. Valeria alifanya ishara ya msalaba. Ameokoka, kahawa imeokoka, mzee amejifunga mwenyewe bila kujua.

"Mzee," Allen alisema, naye akitabasamu, "usukani uko huku."

"Naujua uliko. Mimi sikukaa huko."

"Lakini unasema ulimgonga."

"Nilimgonga nikiwa hapa."

Kicheko kikakatika. Egidi alitoa kichwa dirishani. "Benno, njoo ukae mahali pako."

Benno akaja akakaa kwenye usukani. Hakumtazama mtu.

"Tulikuwa tunakuja hivi, taratibu," mzee alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Huyu ni dereva mzuri. Pale kwenye kona mama mmoja alikuwa ameinua mbasa wa ziwani, mkubwa, bado anameremeta. Ijumaa ya Kwaresima, nyama hakuna, na maharage nimeyala mpaka nimeyachukia. Nikamwambia simama, mbasa yule! Akasema, baba, kuna utelezi, tutapata mbele. Nikaona mtoto ananijibu. Nikamshika mkono hivi."

Aliunyakua mkono wa Benno akauvuta kwa nguvu ambayo hakuna aliyedhani anayo. Usukani ukazunguka. Magurudumu ya mbele yakageukia barazani, kwa Elias.

"Hivi," mzee alisema. "Mkono wangu huu. Niliwaambia tangu mwanzo."

Kisha Elias akaguna. "Kumbe ni samaki," alisema. "Nimevunjika mguu kwa ajili ya samaki."

"Na hata hatukumnunua," alisema Egidi kwa huzuni ya kweli.

Allen alimgeukia Benno. "Kwa nini hukusema polisi?"

"Wangemlaza mzee mahabusu," alisema Benno. "Na usukani niliushika mimi."

"Na ofisini kwetu?"

Benno alimtazama Sekela, akamtazama mkewe. "Nilianza kusema. Mkaniambia nisiongeze neno."

Valeria alitamani kucheka na alitamani kulia, lakini zaidi ya yote alitamani kuichukua ile fimbo ya mzee awapige nayo wanaume wote wa ukoo ule, mmoja baada ya mwingine, kuanzia aliyekaa kulia. Majuma mazima! Majuma mazima alikuwa akimwita mzee mwongo, na mwongo pekee katika jambo hili lote alikuwa mtu aliyezika viatu kwenye mahindi.

Allen alikuwa akiandika upesi. "Sawa. Dereva ana leseni, hakulewa, abiria alimvuta mkono. Majeruhi haki yake iko palepale, kampuni italipa. Kuna jambo moja tu limebaki. Kuomba radhi bila idhini yetu."

"Mzee si mteja," Sekela alidakia haraka. "Mteja ni Valeria, dereva ni Benno. Wao hawajakiri kosa kwa mtu yeyote."

"Ni kweli?" Allen alimwuliza Serafina.

"Ni kweli kabisa," alisema Serafina, na hakusema kwa kuwasaidia. "Hao hawajatia mguu hapa. Mwanangu amelala na maumivu, na hakuna hata mmoja wao aliyekuja kuuliza ameamkaje. Wewe ulikuja kuuliza nani alikuwa anaendesha. Huyu mzee peke yake ndiye aliyeuliza kama mtoto anapata usingizi. Andika hilo pia."

"Safi," Allen alisema bila kufikiri, akaandika, na pale pale akaona jinsi neno hilo lilivyosikika.

Sekela alimkodolea Valeria macho: yamekwisha, nyamaza. Na kweli yalikuwa yamekwisha. Kahawa ilikuwa salama kwenye mteremko wake, punje zikijaza, ilimradi mwenye kahawa asimame tu pale, kimya, apande juu ya magunia arudi nyumbani. Serafina alikuwa ameshageuza uso, anamrekebishia mwanawe mto chini ya mguu.

Valeria alisogea hadi barazani, akapiga magoti kwenye udongo.

"Mama," alisema. "Benno alitaka kuja siku ile. Mimi ndiye niliyemfichia viatu. Nisamehe."

"Dada Valeria!" Sekela aliita.

Allen aliinua kichwa, kalamu ikiwa juu ya karatasi. Hakuwa mtu mbaya, tope tu ndilo lililomkuta. Alimtazama mwanamke aliyepiga magoti, akamtazama wakala.

"Sikusikia vizuri, mama," alisema taratibu. "Umesema kitu?"

"Hajasema kitu," alisema Sekela. "Anamjulia hali mgonjwa."

Wote wakangoja. Serafina pia alingoja, mto mkononi, amegeuka sasa anamtazama.

"Nimesema nisamehe," alisema Valeria, safari hii kwa sauti ya kufika hadi ndani ya pikapu. "Kama unaandika, andika."